Mama, Niliyaona Mapovu Nikanyamaza

Mama yangu uliyelala Louisville,

Nakuandikia kutoka Buffalo, wakati wa mapumziko, juu ya boksi tupu ndani ya ghala lisilo na dirisha. Nina nusu saa. Naingia humu kukiwa na giza na kutoka kukiwa na giza, na katikati nasukuma maboksi ambayo sijui yana nini. Unajua sikufika mbali na shule. Nilikomea darasa la sita kule kwenye kambi ya wakimbizi, uliponitoa ili nikusaidie kwenye mashine ya kusaga. Sikulaumu kwa hilo. Injini ndicho kitu pekee ninachokijua vizuri, na bado nimekosea hapo hapo.

Unakumbuka siku uliyokwenda kuinunua ile mashine? Mkongomani aliyekuwa anaiuza aliiwasha, watu wakajaa, kila mtu akawa anautazama unga unavyotoka laini. Wewe hukuutazama unga. Ulikwenda kwenye pipa la maji ya kupoozea injini, ukatia kidole. Maji yalikuwa bado baridi lakini yanatoa mapovu.

Ukasema mbele ya wote, "Baba, maji baridi hayatoi mapovu bure. Gasketi inayoziba silinda imeungua, moto wa silinda unatorokea majini."

Nilitamani ardhi inimeze. Wanawake walinong'ona kwamba mjane huyu hana haya, anamsuta mtu kwenye mali yake. Yule bwana alikunja uso, halafu akaenda kuleta spana. Mkafungua pamoja, ikawa kama ulivyosema, mkaelewana upya. Mashine ile ilisaga mpaka wiki tuliyopanda ndege.

Hata Beechmont, mtaa wetu wa Louisville, hukuacha. Tulikuwa tukipanda basi la jiji kwenda kliniki, nawe unamwambia dereva kwa Kiswahili kwamba nozeli moja ya kunyunyizia mafuta imeziba. Dereva anatabasamu na kukuitikia. Mimi naangalia viatu vyangu.

Baada ya kukuzika nilishindwa kuendelea kukaa pale. Nilihamia Columbus, nikafanya kazi kwenye ghala kama hili. Kazi ilipopungua, Mzee Zakaria, yule shemasi wetu wa kambini, akanipigia kutoka Buffalo. Alisema, "Njoo na familia, chumba kipo." Tulikaa kwenye chumba cha chini cha nyumba yake kule Kenmore, pembeni ya Buffalo, miezi mitatu, mimi na mke wangu na watoto, wala hakuna siku alituuliza tunaondoka lini.

Mwanzoni mwa baridi hii nikaona mlango wa kutoka ghalani. Kuna Mzungu anayekodisha nyumba za mbao huko milimani, kusini ya mji. Nilimtengenezea jenereta iliyowashinda wengine. Akaniambia anatafuta mtu mwenye pikipiki ya theluji, ile yenye mbao mbili za kuteleza mbele na mkanda mpana nyuma, awe anavuta kuni na mizigo ya wageni pale ambapo gari halifiki. Theluji ikiisha, mtu huyo atabaki kutengeneza mashine zake. Mama, nje! Kazi ya mchana, yenye spana mkononi. Sikulala kwa furaha.

Na Mzee Zakaria alikuwa na pikipiki hiyo, aliyoachiwa na mkwewe aliyehama, akakubali kuniuzia. Ina turbo, kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kusukuma hewa nyingi ndani. Injini ya namna hiyo ina nguvu, lakini ikizidiwa joto haisamehi.

Nilikwenda kuitazama Jumamosi. Nilikuwa nimepanga kama ulivyonifunza: kwanza niishike injini ikiwa baridi, niwashe mwenyewe, nitazame maji, ninuse oili. Nikakuta inanguruma. Mzee alisema ameipasha moto mapema ili nisiteseke na baridi. Kabla sijainama, mama wa nyumba akatuita mezani. Ugali, maharage, ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliotumwa kutoka kwetu. Nilikula. Nani anakataa chakula cha aliyemlaza chini ya paa lake?

Tuliporudi gerejini, niliinama kwenye kopo la plastiki la maji ya kupoozea. Mapovu, moja moja, yanapanda mfululizo. Nikajidanganya kwamba ni joto tu. Nilijua cha kufanya: kuizima, kusubiri saa mbili ipoe, kuwasha tena na kutazama. Lakini nilikuwa bado na harufu ya ndagala vidoleni. Ningemwambiaje mzee huyu kwamba sijaridhika?

Akaniuliza, "Umeionaje, kijana wangu?"

Nikasema, "Iko sawa, mzee," nikamlipa.

Siku ya pili ya majaribio ya kazi kule milimani, mbele ya yule Mzungu, katikati ya kilima, na kuni nyuma yangu, ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikazima. Alinisaidia kuivuta. Hakunigombeza. Alisema ikitengemaa kabla theluji haijayeyuka, nirudi. Ikipita hapo, atatafuta mwingine.

Sasa nielewe, Mama. Kufungua silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, nje kwenye baridi hii hakuwezekani, spana inaganda kwenye ngozi. Mimi nakaa ghorofa ya pili. Gereji pekee yenye joto ambayo ningeweza kuiomba ni ya Mzee Zakaria. Na kuiomba ni kumwambia aliniuzia mashine mbovu. Kwa hiyo wiki tatu pikipiki ilikaa nje ya kwangu chini ya turubai, theluji juu yake, mimi nikirudi ghalani. Kila Jumapili ananishika mkono, "Mashine inaendaje?" Nami, "Vizuri, mzee." Siku moja akaliambia kanisa zima kwamba Mungu amenitoa ghalani, akaniomba nishuhudie. Nilisimama. Nilishuhudia. Watu wakapiga makofi, na kati yao kulikuwa na wanaume wawili ninaosukuma nao maboksi. Waliangalia chini.

Juzi mvua ilinyesha badala ya theluji. Nikaogopa. Jana nilikwenda Kenmore nikamweleza yote nikiwa nimesimama mlangoni.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Uliyaona mapovu siku ile ile?"

"Niliyaona, mzee."

"Ungesema, tungefungua pamoja. Mimi injini siijui, nilidhani inafaa." Akavua kofia, akaikunja. "Ulinyamaza kwa sababu uliona naiuza nikijua kuwa ni mbovu. Ulikaa mezani kwangu ukiniona mwizi."

Nilitaka kusema ni heshima. Lakini alikuwa amesema kweli. Siku ile, kwa dakika moja, nilimwona hivyo hasa. Na sasa nakuelewa wewe na yule Mkongomani. Ulimwambia usoni kwa sababu ulimhesabu kuwa mtu mwaminifu.

Aliingia ndani. Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshageuka kwenda kituoni mlango wa gereji ulipoinuka. Tukaenda kuichukua pikipiki kwa tela lake, tukaileta gerejini, nikaanza kuifungua. Nilipofika kwenye boliti za nyuma, mahali mwanga haufiki, alileta taa akaja kuinama karibu yangu. Hakuishusha mpaka nilipotoa ya mwisho. Sikujua namna ya kumwomba msamaha mtu anayenimulikia, Mama, kwa hiyo nilimwonyesha gasketi ilipoungua, kati ya silinda mbili, na yeye akaigusa kwa kidole.

Kengele imelia. Boksi langu wanalitaka.

Pumzika huko uliko. Ni mimi, mwanao wa tatu, fundi wako.