Kirusi Hakikutoka Kigoma

Hukukileta wewe, Mwajuma! Kirusi cha homa ya ini kilichokuua hakikutoka Kigoma. Mwanangu Saada amekifuatilia mpaka amepajua kwao, na kwao si kwenu.

Haya, sasa ndiyo nikusalimie. Mke mwenzangu, Mungu akupumzishe. Huku Chanika tupo. Mume wetu bado anashinda sokoni Buguruni na machungwa yake, na akirudi anaangalia kwanza mlango wa chumba chako. Mie niko barazani, hina mpaka vidoleni, yeye anaangalia mlango!

Unajua Saada sasa ni daktari? Si wa sindano, wa kuchunguza visivyoonekana. Mtaa mzima nimeutangazia. Mwenye genge ananiita Mama Daktari, na akisahau namkumbusha. Kazi yake ni kujua homa ya ini ilikotoka na ilikopita. Anasema virusi vina ukoo kama watu. Ukilinganisha cha huyu na cha yule, unamjua ndugu na unamjua wa mbali. Hiki chetu cha pwani ni cha kale, cha Afrika hii hii. Kilivuka bahari ndani ya miili ya watumwa na wafanyabiashara, leo jamaa zake wako India, wako Brazili. Nikamwambia, “Yaani ugonjwa umefika Brazili, mie hata Unguja sijafika?” Alicheka mpaka akashika ukuta.

Lakini siku aliyoisoma kazi yake chuoni, Mwajuma, uliniudhi. Nimekaa mbele, kitenge kipya, namngoja anitaje. Akasema, “Kazi hii ni ya Ma’mdogo, aliyenipa damu yake wa kwanza.” Ukumbi makofi. Nami nikapiga, meno nimeyauma. Mie niliyemzaa! Kumbe kule wodini ulikolazwa ulimtolea damu akaichunguze, mkanificha wote wawili. Kama migebuka yenu ile, samaki wa ziwani kwenu, mlikuwa mnakula jikoni mnacheka, nikiingia mnanyamaza.

Basi na mie nikaenda kutoa. Unishinde hata kwa damu? Nikamvuta na mume wetu.

Ninacho, Mwajuma. Sijaumwa hata kichwa, kumbe ninacho. Na mume wetu anacho. Saada akaviweka vitatu pamoja, chako, changu na cha baba yake: ndugu kabisa, na ukoo wao ni wa pwani hii. Vya watu wa kwenu ziwani ni ukoo mwingine. Ulikipata humu humu ndani kwetu. Nani alimpa nani, anasema kipimo hakisemi, na hataki tuulizane.

Nililia. Halafu, Mungu anisamehe, nikaona raha kidogo, maana sasa Saada ananipigia kila asubuhi, “Mama, umemeza dawa?” Zamani simu hiyo ilikuwa yako.

Unakikumbuka kikombe cha bluu? Wifi Hadija alivyokutengea, akasema mbele ya watu, “Ameuleta huo toka kwao, kila mtu na kikombe chake.” Ukakinywea mpaka siku yako ya mwisho. Saada anasema ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe hata kidogo. Ni damu, ni kitanda, ni mama kwa mtoto akizaliwa. Yeye mwenyewe kapima, hana, kachanjwa.

Sasa ukoo wote nimeuita hapa nyumbani, Saada awaeleze, wapime. Ameniambia, “Mama, yako ni siri yako, si lazima uiseme.” Lakini nisipoisema, namjua Wifi: “Daktari anamtetea Ma’mdogo wake.” Atakaa hivyo hivyo, na wewe utabaki mchafu kaburini. Nimemuuliza mume wetu. Akamenya chungwa zima, akasema, “Sema na yangu.”

Naogopa, mwenzangu. Hapa mtaani mie ni Mama Daktari. Kesho sijui wataniita nani. Lakini sikuachii ubebe peke yako. Ulishahurumiwa vya kutosha, mwachie na mwenzio.

Nakuahidi hivi: nikimaliza kusema, natia chai kwenye kikombe chako cha bluu, nimekitunza. Nakunywa mie, anakunywa mume wetu, kisha nampa Wifi Hadija mkononi, na sitasogea mpaka anywe.

Lala salama, Mwajuma. Jina lako nitalitamka kwa sauti, nawe usijisifu sana huko. Wanakuja wote Jumapili, baada ya adhuhuri.