Nyama ya Idi na Disjonktere Yangu

Jumatano, tarehe 4, mwezi wa sita

Nimepangusa frigo tena. Mara ya pili leo. Chai nimekunywa kikombe moja, nimeosha kikombe moja. Idi ni Ijumaa, na mi ndio frigo ya palsele yote, nyumba zote ine za uwanja huu. Kila mwaka nyama yao inalala kwangu. Kila mutu anafunga mufuko yake na uzi, tusichanganye. Mama Hawa nyekundu. Mama Kezia kijani, yeye ni Mukristo lakini tunamugawia, na nyama anapenda kutushinda sisi. Siku ine tano nitakuwa na wageni asubuhi mpaka jioni. Mutu anakuja kutoa kipande yake, anakaa, tunasema watu. Raha.

Muchana kuran, umeme, imekatika. Nikasema ni kawaida, wamekata mutaa yote ya Jabe. Nikachungulia inje: redio ya Mama Hawa inaimba. Kumbe ni mimi tu. Disjonktere, ile kidude ya ukutani yenye kukata kuran, kaulimi kake kameanguka chini. Nikakarudisha juu. Basi.

Alhamisi, tarehe 5

Imeanguka mara tatu. Niliacha pasi kwa prizi? Apana. Pasi iko kwa Mama Hawa tangu mwezi jana, hajarudisha, na anajua. Frigo peke yake ndio inakunywa kuran.

Zaina, binti yangu, amepiga simu toka Kigoma kwa bwana yake. Sikumuambia. Angesema, mama, ita fundi. Fundi akiingia hapa palsele yote itajua, wataogopa, nyama wataipeleka kwa yule mupangaji mugeni wa nyuma, mwenye konjelatere, frigo ya kugandisha, kubwa kama kitanda. Huyo hata jina sijui. Mimi! Wiki mbili yuko hapa na jina sijui.

Tangu baba Zaina afariki nyumba hii inasikia sauti yangu tu. Sikutaka kuandika hiyo. Nimeandika.

Ijumaa, tarehe 6. Idi

Wamejaa! Mifuko kumi na moja, hata ya palsele jirani. Nimecheka mpaka mbavu inauma. Nimepata habari tatu mupya, moja ya ndoa ya mutu, siiandiki, karatasi nayo ina mudomo. Disjonktere imeanguka mara mbili watu wakiwa ndani. Nilisimama mbele yake, nikairudisha na mukono nyuma ya mugongo kama mwizi. Hakuna aliyeona.

Jumamosi, tarehe 7

Haikai juu tena. Kaulimi kamelegea kama jino ya mutoto. Nikakata kipande ya mpira ya baiskeli, nikakafunga juu ku musumari. Imekaa. Nikajisifu. Wageni wamekuja sita.

Saa tisa niligusa disjonktere. Moto. Si vuguvugu, moto kama kifuniko ya sufuria.

Wageni sita. Nikaiacha vile.

Jumapili, tarehe 8

Harufu. Nimeamka nayo asubuhi, kama kitana imeanguka mu makaa. Plastiki nyeupe imekuwa rangi ya chai pembeni. Mpira umeanza kuyeyuka. Nimeogopa kabisa. Nikapangusa mikono ikauka, nikashusha disjonktere kubwa ya ku kompteri, ile mita ya umeme. Nyumba yote ikanyamaza. Frigo ikatetemeka mara moja, ikanyamaza nayo.

Nikakaa ku kitanda. Nikisema, wanaondoka. Nikinyamaza, nyama ya watu inaoza. Nikiwasha tena, tunaungua, na watoto wa Mama Kezia wanalala ukuta kwa ukuta na mi. Ilipaswa nisimame mara moja. Sikusimama mara moja. Nilikaa sana. Hiyo ndio aibu yangu.

Nikaenda inje, nikawaambia majirani.

Mama Hawa akasimama katikati ya palsele, mikono kwa kiuno: "Habari ya nyumba za watu unatuletea ikiwa bado ya moto, ya kwako umeificha siku tano!"

Wakacheka wote. Mi pia nikacheka. Haikuwa kicheko.

Mifuko kumi imetoka mbio, imeenda kwa mwenye konjelatere. Ya uzi wa kijani ilikuwa karibu na mulango ya frigo, imeharibika. Mama Kezia aliinusa, akaenda kuitupa. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, tarehe 9

Fundi Saidi amekuja. Aliona mpira kwanza.

"Mama Zaina, hii uliifunga isitoroke?"

Nikasema ilikuwa inaanguka.

"Inaanguka ju inakuita! Mutu anakuita, we unamufunga mudomo? Na vile weye unapenda kusema!"

Akazima kubwa. Akachomoa kila kitu kwa prizi, akajaribu. Ikaanguka. Akatoa hata waya yenyewe yenye kupeleka kuran ndani. Disjonktere haibebi kitu, bado inaanguka. Akasema frigo ni nzima, mugonjwa ni huyu disjonktere mwenyewe, amezeeka. Ncha ya waya imeungua kidogo, akaikata.

Nikamuambia alete disjonktere yenye namba kubwa, iwe na nguvu. Akakataa. Namba ile ile. Ukiweka kubwa, waya itaungua na yenyewe itaangalia tu, haitakata.

Ameweka mupya. Inalia taki, inakaa. Nilimupikia chai. Alikunywa amesimama, akaenda.

Jumatano, tarehe 11

Frigo inanguruma vizuri. Ndani kuna chupa moja ya maji.

Hakuna mutu.

Disjonktere nimeigusa mara tano. Baridi. Haina shida tena, na mi sina kazi tena. Wanapita mbele ya dirisha yangu kuenda nyuma, na mifuko, wanacheka. Jina ya yule mugeni sasa nimejua. Mama Belyse. Nimelisikia dirishani, sikuambiwa.

Ijumaa, tarehe 13

Mama Kezia amekuja saa kumi. Sikumutegemea. Alikuwa na kamufuko kadogo, uzi wa kijani.

Akasema, niwekee hii mu frigo.

Nikakashika. Nyepesi. Nikafungua kidogo. Ndagala kavu, vile visamaki vidogo, konzi mbili. Ndagala kavu inakaa mwezi muzima ku kikapu, haina haja ya baridi, hata mutoto wa Jabe anajua.

Sikusema kitu. Mimi.

Nimeiweka katikati, fasi yenye baridi kushinda. Yeye alikuwa amekwisha kukaa.

Nimeosha vikombe viwili.