Wiki Nne Ulizotupunja, Ratili

Ni mwaka mmoja leo tangu mizani za karakana yako zikose mtu wa kuzisawazisha.

Watu wa sokoni walikuita Ratili kwa sababu ulikuwa fundi mizani usiyejua neno "takriban". Muuza nyama mmoja alikuomba umlegezee springi kidogo. Ulimrudishia mizani yake ikiwa sahihi kabisa, ukamwambia, "Sasa itakuumbua mwenyewe."

Hata mbwa ulimpima. Ulimpa jina la Karani kwa kuwa alikaa mlangoni pa karakana kana kwamba anaorodhesha wanaoingia. Kila baada ya wiki kumi na mbili ulimbeba, ukapanda naye mizani ya magunia, ukamshusha, ukapanda peke yako, ukatoa uzito wako. Kisha ulimpa kidonge cha kuzuia kupe na viroboto ndani ya chakula chake, ukaandika tarehe ukutani kwa chaki. Kaka yako alikucheka: "Mdogo wangu, mbwa ana ratiba ya dawa, mimi hata ya mafua sipati!"

Ukamjibu, "Wewe ukiumwa, mtaa mzima unajua. Yeye atamwambia nani?"

Hospitalini ulimkabidhi mkeo bahasha yenye vidonge vinne. "Hivi ni vya mwaka mzima," ulisema. "Mwaka ukiisha, nunua vingine."

Mkeo, mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na sita, hakuzidisha. Neno lako halikuwa na haja ya kuhakikiwa. Siku tatu baada ya mazishi alimpa Karani cha kwanza, akaandika tarehe chini ya zako. Alipompa cha nne aliikunja bahasha tupu, akaiweka kwenye droo, akasubiri mwaka utimie. Tuseme ukweli: hakuwa na haraka. Cha tano kingekuwa cha kwanza kisichopita mkononi mwako.

Wiki iliyopita Karani alikataa chakula. Mkojo wake ukawa na rangi ya chai iliyokolea. Binti yako alipapasa nyuma ya sikio lake, akakuta kupe saba wamevimba kama maharage.

Daktari wa mifugo aliinua mdomo wa mbwa. Fizi zilikuwa nyeupe.

"Mama, alipewa kidonge lini?"

Mkeo alitaja tarehe. Daktari akageuza kurasa za kalenda yake.

"Kinga ilikwisha wiki tatu zilizopita."

"Haiwezekani. Vilikuwa vya mwaka mzima. Marehemu mwenyewe alisema."

"Vinne, mama. Mara wiki kumi na mbili."

"Arobaini na nane," alisema mkeo. Akakaa sakafuni. "Basi nipe cha tano! Nampa sasa hivi!"

"Kidonge kinazuia, mama. Hakifufui. Kwanza sindano ya homa ya kupe. Akianza kula, ndipo umpe. Ana uzito gani?"

Mizani ya kliniki haijasawazishwa tangu uondoke, na daktari hakuiamini. Kwa hiyo mkeo alimbeba Karani hadi karakana yako, daktari akimfuata na mkoba. Alipanda naye, akamshusha, akapanda peke yake, akatoa. Kilo kumi na tisa. Wewe ulimwacha na ishirini na nne. Akarudia kupima mara tatu, akitumaini amekosea. Hakuwa amekosea.

Ratili, hukuwahi kumpunja mtu gramu moja. Sisi ulitupunja wiki nne, na hatuna wa kumlaumu. Ulikuwa unaumwa. Mwalimu alikuwa mzima.

Hii ni siku ya tano tangu adungwe sindano. Daktari anasema tusubiri. Karani amelala chini ya meza yako ya kazi, na kila mlango ukilia anajaribu kuinua kichwa. Kidonge cha tano kipo juu ya mizani yako ndogo, kinangoja ale. Asubuhi hii amelamba supu kiganjani mwa mkeo. Mara mbili. Ya tatu amegeuza uso.

Chaki ipo ukutani, tayari.

Unakumbukwa na mkeo Mwalimu, binti yako mshonaji, kaka yako ambaye hacheki tena, na Karani, tukijaliwa.

Daima utakuwa nasi, Ratili, na safari hii tunahesabu kwa wiki.