Mzee Anasoma Bila Miwani

Jumanne, Mabatini

Na mimi niliamini amepona. Mwezi mzima mume wangu anasoma gazeti bila miwani, anajisifu kwa majirani. Ila juzi nikitoka sokoni aliniamkia getini, "Shikamoo mama," akidhani ni bibi mgeni. Nilicheka. Baadaye nikaogopa.

Leo daktari wa macho amemweleza: kiini cha lenzi iliyo ndani ya jicho kimekuwa kizito kwa uzee na kinapinda mwanga kupita kiasi, ndiyo maana vya karibu anaviona na vya mbali vinampotea. Mtoto wa jicho ameanza.

"Kwa hiyo sijapona?"

"Hapana, mzee. Wakati ukifika tutakufanyia upasuaji."

Tulipokuwa tunashuka ngazi mume wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sikumuuliza kama ni mapenzi au ni ngazi.