Sahani ya Petro

Tottenham, London

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba Baba ameacha ubishi wa kupanda ngazi za kanisani bila mkongojo. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii anakuletea binti wa Shangazi, kwa kuwa kwenye simu tukifika kwenye habari za mdogo wangu Petro wewe hulia, nami huishiwa maneno.

Uliniagiza nimwambie aache kusoma mashairi yake kwenye mikutano ya hadhara. Ulisema ameshawekwa rumande, kwamba sasa analala kwa marafiki, na kwamba umeapa: hutamfunikia chakula tena. Sijamwambia lolote. Niruhusu kwanza nikusimulie habari za Mzee Zurab, yule mgonjwa wangu kutoka Georgia.

Nilikuwa nikimtunza nyumbani kwake, katika fleti yenye ukungu ukutani, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni. Ujanani alikuwa mshairi ambaye watu walinakili beti zake kwa mkono na kuzificha ndani ya makoti, nchi yao ikiwa bado inatawaliwa kutoka Moscow. Alifungwa katika kambi za mbali, kwenye baridi. Baadaye umati ulimbeba mabegani. Uhuru ulipopatikana, wenzake wa harakati wakaelekezeana bunduki katika mji mkuu wao wenyewe, naye akakimbilia huku. Nilipomfahamu, aliyemtembelea ni bintiye Keti tu.

Jumapili moja Keti alileta mkate, biringanya na mvinyo. Mimi nilipika pilau. Kwao mvinyo haunywewi vivi hivi. Mkuu wa meza hutamka neno la heshima kabla ya kila glasi, na mkuu siku hiyo alikuwa Mzee, kwenye kiti chake cha magurudumu. Aliisifu amani, akaisifu nchi, akamsifu mpishi wa pilau mpaka bintiye akamkatiza.

"Baba, chakula kinapoa. Hapa si uwanjani."

"Uwanjani walinisikiliza."

"Hawakuwa wamewekewa pilau."

Kisha wakafika kwenye neno la heshima kwa marehemu. Hapo kila mmoja huwataja wafu wake na kudondosha mvinyo kidogo juu ya kipande cha mkate. Nilimtaja Bibi. Keti akadondosha wake. Mzee akaufunika mkate wake kwa kiganja.

"Mzee, wewe huna marehemu?" nilimuuliza.

"Anao wengi," Keti alijibu. "Ila aliwahi kumwagiwa yeye mwenyewe."

Walinieleza kwa kupokezana. Alipokuwa kifungoni habari zake zilikatika, na mtu wa kijijini kwao akaja kusema kwamba amezikwa hukohuko. Mama yake akamwingiza miongoni mwa wafu wa nyumba hiyo. Kila karamu alimtaja, akaushika mkono wa Keti, mtoto mdogo, na kumwonyesha namna ya kudondosha mvinyo kwa ajili ya baba yake. Siku aliporudi, aliwakuta mezani, jina lake likiwa bado mdomoni mwa mama yake.

"Hakuinuka," Mzee alisema. "Alinitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Alinipikia mpaka alipokufa, lakini jina langu hakulitaja tena."

Nilimuuliza kama angepewa ujana wake upya angeandika tena. Nilikuwa nikiuliza kwa ajili yako, Mama.

"Angeandika!" Keti alidakia. "Hata leo angetuacha hapa na mvinyo wetu."

"Mvinyo ningeondoka nao," alisema Mzee. "Ningeandika. Ila ningewaomba wasubiri kidogo kunimwagia."

Jibu hilo nimeligeuza sana moyoni. Huenda lilikuwa ushujaa. Huenda ni kwamba mzee hakuwa na maisha mengine ya kulinganisha na hayo aliyoishi. Bintiye alikua bila baba, na nchi aliyoipigania ilimfukuza. Siwezi kukuambia kwamba ilistahili. Siwezi pia kukuambia kwamba alikosea, kwa maana watu wake leo wanasema lugha yao bila kunong'ona.

Mzee alifariki wiki iliyopita. Tulimzika kwenye manyunyu, watu wachache tu, na baadaye tukakaa kwenye meza ileile. Ilipofika zamu ya marehemu, Keti alishika chupa, akairudisha mezani. Akanisogezea.

"Mmwagie wewe, dada. Mimi nilimmwagia zamani, akiwa hai. Leo sina tena cha kummwagia."

Nilimmwagia, Mama. Na nikiutazama ule mkate ukilowa, nilimwona Petro.

Ndiyo maana sitamwambia aache, wala sitamwambia aendelee. Sina hakika ya lolote kati ya hayo mawili, na pengine ni woga wangu ninaouita busara. Kwako nina ombi moja tu, nalo ni la jikoni.

Msalimie Baba. Msalimie Shangazi, umshukuru kwa dagaa. Msalimie Mama Rehema, fundi cherehani wetu, na Mjomba katekista, umwambie azidi kutuombea.

Na jioni, kabla hujafunga jiko, funika sahani ya Petro. Asipokuja, asubuhi chakula hicho wape kuku. Jioni uifunike tena.

Mwanao akupendaye,
Neema