Fungua Kabla ya Filamu

Nyumba ya 14, Mtaa wa Magnolia,
Port Sorrel, Florida.
Jumatatu, 3 Januari 1966.

Mpendwa Kaka Hollis,

Pokea salamu za Mwaka Mpya kutoka kwangu mdogo wako, kwa Mama, na kwa shemeji yako Clyde. Hujambo huko kwenye barafu? Kifua kimepona? Na vile vidole ulivyosema vinakufa ganzi ukitengeneza mitambo nje, vipo vyote? Sisi tu wazima. Magoti ya Mama ni yale yale, ulimi wake pia ni ule ule.

Najua salamu hazifupishwi, na Mama angenisuta, lakini leo nazikata hapa. Mwanao Dewey ameumia kwenye mechi, ila yu hai. Anaongea, anakula, na jana alinikaripia kwa kumlisha kama kitoto. Soma maneno hayo mara mbili, kaa chini, ndipo uendelee.

Umeona nilivyoandika juu ya bahasha kwa wino mwekundu: FUNGUA KABLA YA FILAMU, HAKUNA MATOKEO HUMU. Nimefanya hivyo kwa sababu naijua sheria yenu ya kijinga. Uliniandikia mwenyewe Krismasi ya juzi, tena kwa kujisifu, kwamba ndege ikiwaletea filamu ya mechi, nyinyi mafundi wa rada mnatia barua zote kwenye sanduku la mikate na kulifunga mpaka filamu iishe, asije shangazi fulani mwenye mdomo mpana akawaharibia utamu. Nilicheka sana siku ile. Sasa nimejua kuwa shangazi huyo ni mimi, na sicheki tena.

Maana nilijaribu kukujulisha mapema, Kaka. Jumamosi jioni nilipiga telegramu hadi Anchorage ili mkasomewe kwa redio ya upepo. Niliandika hivi: MECHINI LEO DEWEY KAUMIA SHINGO YU HAI ANAONGEA LORENE. Jana asubuhi nikapata jibu la huyo bwana wenu wa redio, Skaggs. Nalinakili kama lilivyo: NIMESIKIA NENO MECHI NIKAZIBA MASIKIO. TELEGRAMU IMEINGIA SANDUKUNI MPAKA FILAMU IISHE. UMEJARIBU MAMA. HERI YA MWAKA MPYA.

Umejaribu, mama! Nilisimama pale posta nikalisoma kwa sauti ya hasira, karani akaniuliza kama nataka maji. Lau ningeanza na jina la mtoto badala ya mechi! Nikaandika nyingine papo hapo, safari hii bila neno lolote la mpira, lakini Anchorage wakasema taa za kaskazini zimewaka angani na redio haishiki kitu, labda Ijumaa. Na ndege yenu huondoka Alhamisi, ikibeba barua na filamu ndani ya mfuko mmoja. Kwa hiyo sasa mimi nashindana mbio na kopo la filamu, na wote wawili tumepanda ndege moja. Roho haitulii, Hollis. Nikifumba macho nakuona umekaa kwenye benchi katikati ya wenzako, umeshika kikombe cha kahawa, unawaambia watu kwamba mwenye jezi namba themanini na tatu ni damu yako.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, nikijitahidi kutokutaja nani alishinda. Dewey amenikataza. Kasema, "Shangazi, ukimwambia Baba matokeo hatatusamehe, wewe wala mimi."

Tiketi alituletea mbili, lakini Mama hawezi zile ngazi. Na kama kawaida, mechi yetu ya Mwaka Mpya, Bakuli la Ndimu, haikuonyeshwa kwenye televisheni hapa mjini kwa kuwa viti havikuuzwa vyote. Nchi nzima inatazama uwanja wetu, sisi wenye uwanja tunatazama vioo vyenye chenga! Kwa hiyo Clyde alifanya wanavyofanya wote wa huku wasio na tiketi: alimpakia Mama garini pamoja na sufuria ya kunde za Mwaka Mpya, wakaenda Palmetto Wells kwenye moteli, nje ya eneo lililofungiwa. Chumba kimoja walijaa watu wa mitaa mitatu, wengine wamekaa ndani ya bafu wakichungulia mlangoni. Mimi nikaenda uwanjani na kiti kitupu pembeni yangu, nikakiwekea koti.

Mechi ilianza saa kumi jioni badala ya saa saba. Wenye televisheni ndio walioomba, wapate watazamaji wa kule magharibi, kama vile watu wa Miami mwaka jana walivyoipeleka yao usiku kabisa. Hakuna aliyepinga. Lakini wewe umecheza kwenye uwanja ule, unajua jua la jioni linavyowapiga usoni wanaokimbilia upande wa mto. Sisemi ndilo lililomponza. Silali nikiliwaza, basi.

Ilikuwa robo ya tatu. Dewey alikimbia katikati, akageuka audake mpira aliorushiwa, ukaja juu kidogo. Akaruka akiwa amenyoosha mikono yote miwili, na walinzi wawili wakamkuta hewani, mmoja mbele na mwingine nyuma. Alitua kwa shingo. Mimi niliusikia mlio, au nadhani niliusikia, maana watu wote walikuwa wakipiga kelele. Naye akawa hasogei.

Pale kando ya uwanja kuna kijana wa televisheni anayevaa kofia nyekundu. Akikunja mikono kifuani, mechi inasimama ili watangaze sabuni na magari. Alikunja mikono. Nilimwona, na machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini alikunja.

Sasa sikiliza Mama na Clyde walichokiona moteli. Waliona Dewey anaanguka. Halafu, kwa mtambo huo mpya walio nao, wakamwona anaanguka tena, polepole. Halafu tena, kutoka upande mwingine, polepole zaidi, na mtangazaji akieleza bega lipi liligonga wapi. Kisha sabuni, kisha magari. Picha iliporudi mechi ilikuwa ikiendelea na mwanao hayupo, na mtangazaji akasema tu kwamba tunamwombea heri. Bendi ikapiga, mashabiki wakapunga vitambaa, hakuna aliyemtaja tena. Nilipopata simu ya kumpigia Mama, usiku ulikuwa umeingia. Clyde anasema Mama hakuwa ameondoka mbele ya kioo, hata walipoanza kuonyesha habari za hali ya hewa.

Mama alinijibu kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Lorene, nimemwona mjukuu wangu akianguka mara tatu. Sijamwona akiinuka hata mara moja. Niambie ukweli, usinipambie."

Nikamwambia ukweli, naye akalia, kisha akanigombeza kwa kuchelewa kupiga simu, nikajua amerudi kuwa Mama. Hicho ndicho ninachokiogopa kwako, Kaka. Mama alikuwa na Clyde wa kumshika mkono. Wewe una Skaggs.

Unamkumbuka Baba mwaka ule wa hamsini na mbili, mechi ya Pasadena ilipoonyeshwa nchi nzima kwa mara ya kwanza? Tulisimama barabarani mbele ya duka la samani la mzee Tolliver, wewe umembeba Dewey mabegani, anavuta masikio yako. Watu wadogo wa kijivu wakawa wanakimbia ndani ya kile kioo. Sisi tuliozoea redio, ambapo Baba alitufundisha kuuona uwanja kwa macho yaliyofumbwa, tuliona ni uchawi. Baba akasema kuanzia leo hakuna mama atakayengoja gazeti la kesho kujua mwanawe amefanya nini. Alidhani anasema jambo jema. Miaka kumi baadaye ikaja ya rangi, Mama akalalamika kwamba nyasi ni za kijani mno na watu wana nyuso za kamba waliochemshwa, na siku hizo malalamiko yetu yalikuwa hayo tu.

Sasa hali yake, bila kukuficha. Mfupa wa shingo umepata ufa lakini haukukatika. Wamemfunga kichwa kwa vyuma, hageuki. Mikono ilianza tena kuhisi usiku ule ule, kwanza wa kulia. Jana baada ya ibada mguu wa kulia ulianza kumchoma kama umetiwa upupu, na daktari alifurahi mpaka nikataka kumbusu. Mguu wa kushoto bado. Daktari anasema uvimbe ukishuka huenda ukarudi, na huenda usirudi, na kwamba yeye si nabii. Nilimuuliza mara nyingi kwa namna tofauti, jibu likawa hilo hilo. Namchoma kwa sindano ya kofia yangu kwenye wayo wa kushoto akiwa amelala, Mungu anisamehe, na kila mara namtazama usoni. Hakuna kitu.

Tangu marehemu wifi Ruthanne atutoke nimejaribu kuwa mama kwa mtoto huyu na huwa naona ninaweza. Siku hizi mbili sioni. Nakutaka wewe. Kampuni inasema mkataba wako hauruhusu kutoka kabla ya Machi, nami nimewaambia waniletee huyo mkataba niutafune.

Kuna jambo jingine, nalo ni la kati yangu na wewe. Walipombeba kwenye machela nilishuka zile ngazi sijui kwa miguu ya nani. Askari alinizuia kwenye mlango wa kuingilia chini ya majukwaa, nikamwambia mimi ni shangazi yake na nitampiga kwa mkoba, akanipisha. Dewey alikuwa amefumbua macho. Hili halimo kwenye filamu, Kaka, kamera zilikuwa kwenye sabuni. Alinitazama, midomo imejaa udongo, akasema, "Shangazi, niliudaka?"

Hakuuliza shingo wala miguu. Na mimi niliyeuona mpira ukimponyoka mikononi na kudunda chini, nikamwambia, "Uliudaka, baba. Uliudaka vizuri." Akatabasamu, wakampeleka.

Tangu hapo nimekuwa mwizi wa magazeti. Nayafagia wadi nzima asubuhi kabla hajaamka, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mzee Pruitt, amekula njama nami, kwa ujira wa peremende. Jana wachezaji wenzake walikuja na maua, nikawapanga mstari ukumbini kama watoto wa shule ya Jumapili, nikawaambia atakayetaja ule mpira nitamkata masikio. Kwa hiyo nakuomba, ukimwandikia, mwambie aliudaka. Nchi nzima imeuona ukianguka, yeye peke yake hakuona. Mwache awe nao mpaka mguu uamke.

Na nakuomba usiitazame hiyo filamu. Mpe Skaggs barua hii, aizime redio yake, aende nawe nje mtembee. Kama ni lazima, tazama robo mbili za mwanzo. Kuna mpira mmoja aliouchukua kwenye kona ya kushoto, akawaacha watatu wamelala chini, koti langu lote likamwagikiwa soda kwa kuruka. Tazama huo, kisha inuka. Nakusihi kama nilivyokuwa nikikusihi utotoni usipande mnara wa maji. Hukunisikiliza wakati ule.

Nisalimie wenzako wote wa kambini, hata Skaggs, ingawa yeye umsalimie kwa kumkanyaga kidole. Mama anakusalimu na anauliza kama unasali. Clyde anakusalimu, amesema neno moja tu, "Mwambie shemeji nipo," na wewe unajua kwake hiyo ni hotuba. Mchungaji Haskell na kanisa zima wanawakumbuka kila jioni.

Mungu akulinde huko gizani, akupe moyo wa kusoma haya, na akurudishe kwetu kabla sijazeeka kwa wiki moja.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye hata ukinikasirisha,
Lorene

Jumanne asubuhi. Usiku umekuwa mtulivu, mguu bado. Nilikuwa nafunga bahasha Dewey akaniona, akaomba kalamu aongeze neno. Kaniambia, "Usisome, Shangazi, ni mambo ya wanaume." Nimempa karatasi nyingine, nimemshikia ubao chini yake nikatazama dirishani kama alivyotaka. Bahasha anaifunga mwenyewe.

Baba, huu ni mwandiko wangu, umepinda kwa sababu naandika huku nikitazama dari. Mpira ulinitoka. Niliusikia ukinitoka kabla sijafika chini. Shangazi aliniambia niliudaka na uso wake ulikuwa umeharibika kwa hofu, nikaona bora nimkubalie. Anaficha magazeti na anadhani nimelala. Usimwambie. Hata sindano anayonichoma nayo kwenye wayo nimeiona, naiona kila anapoichomoa kwenye kofia, ila siihisi.

Filamu itazame yote, Baba, mpaka mwisho, pamoja na wenzako. Pale nilipogeuka nadhani niliuweka vibaya mguu wa kushoto, lakini sina uhakika. Mwambie Bwana Skaggs airudie polepole. Kisha niandikie nilikosea wapi. Nina muda mwingi wa kusoma.