Homa ya Rundo Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi

Kipimajoto kimesema thelathini na moja. Nimeandika hamsini na nne.

Hii ni wiki ya pili nafanya hivyo. Naandika ukweli huku, kwenye daftari langu mwenyewe, ili pawe na moja linaloujua.

Rundo Namba Nne limepoa, maana yake limeiva. Lilipoanza lilinipita kichwa, sasa linanifika kifuani. Halinuki tena taka za soko, linanuka udongo ulioguswa na mvua. Ukilichimbua huoni ganda wala bua. Mboji tupu, nyeusi, inamwagika mkononi. Na rundo likiiva linachekechwa, linatiwa kwenye magunia, linapelekwa kitalu cha manispaa na kwenye miti ya barabarani. Kazi ya siku mbili. Pale panabaki sakafu.

Alilipanga mume wangu. Novemba, tabaka kwa tabaka: maranda ya mbao chini, taka za soko juu, maranda tena. Alifariki rundo likiwa na wiki tano. Ndicho kitu cha mwisho alichokianza, na hiki bado kinaendelea.

Hapa kiwanja cha mboji walimwita Daktari, kwa kuwa alishinda akiyachoma marundo kipimajoto kama wagonjwa. Mimi nilikuwa meza ya kuchambua, natoa plastiki na vioo. Alipoondoka nikapewa kipimajoto chake na daftari lake, nao wakaanza kuniita Nesi. Leo Redio amepita. Redio ndiye wa chekeche, mdomo wake hauna swichi. Akauliza, Nesi, mgonjwa anaendeleaje? Nikasema bado ana homa.

Akacheka. Mimi nikajifanya natafuta kalamu.

Jumatano, 5 Machi

Afisa mazingira amekuja kutoka manispaa. Binti mdogo tu, lakini anafanya kazi. Viatu vyake vimeshachakaa kwa kiwanja hiki.

Ametukusanya, akatuambia bila kuzunguka. Tarehe ishirini na moja madiwani wanakaa. Tangu kiwanja kifunguliwe hawajaona hata gunia moja la mboji. Namba Moja liliozeshwa na mvua. Namba Mbili lilikutwa na vioo. Namba Tatu lilikauka katikati. Wasipoonyeshwa kitu safari hii, tipa za soko zitarudi kumwaga dampo kama zamani, na sisi kumi na mmoja kila mtu atatafuta pa kwenda.

Halafu akanigeukia. Mama, Namba Nne itakuwa tayari?

Nikasema joto linashuka polepole.

Akasema yeye hana macho ya kila siku hapa, anategemea daftari langu. Akaniambia ahsante.



Jumamosi, 8 Machi

Nusu siku. Mwanangu amepiga simu kuuliza kama nakula. Nakula. Akauliza nakula nini. Hapo nikabadilisha mazungumzo.

Nataka kuandika habari ya chupa kabla sijaanza kuisahau vibaya.

Kila asubuhi, kabla hajapima chochote, mume wangu alijaza maji kwenye chupa kubwa ya plastiki, akaifukia ndani ya rundo lenye moto. Saa sita aliichomoa, akaja nayo mezani kwetu. Maji ya kunawa, yana uvuguvugu mzuri. Mikono iliyoshinda kwenye taka zenye majimaji hufa ganzi, hata kijiko hukishiki sawasawa. Aliiweka chupa mbele yangu, akaondoka. Hakuwa mtu wa maneno. Mama Toroli, mwenzetu wa kusomba mizigo, alizoea kusema, wenzako wanaletewa maua, wewe unaletewa maji yaliyolala kwenye maganda. Halafu naye anakinga mikono.

Chupa naifukia bado. Kila siku, ndani ya Namba Nne. Namba Tano lina moto wa kutosha kuivisha yai, lakini sitaki maji ya Namba Tano.

Yanatoka baridi. Nanawa haraka, nageuza mgongo.

Jumanne, 11 Machi

Leo nimefanya ubaya.

Msimamizi amesoma daftari: wiki ya kumi na sita, nyuzi hamsini na tatu. Akasema rundo lina ukaidi, lipinduliwe tena lipate hewa, limwagiwe na maji. Ningeweza kusema neno. Sikusema.

Watu wanne, asubuhi nzima. Redio na vijana wawili wa beleshi wakilipindua, Mama Toroli akisomba maji kwa toroli kutoka bombani, mapipa kumi na tisa. Nimeyahesabu kwa sababu nyonga yake mbovu inalia kila hatua. Yeye ndiye mkubwa wetu hapa, na toroli hampi mtu. Redio akamwambia, bibi, wewe na hilo gurudumu mnapiga kelele moja. Akajibiwa, gurudumu linatiwa grisi, wewe mdomo wako utatiwa nini.

Wote wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kipimajoto changu kama mtu mwenye kazi.

Ubavuni, chini ya turubai, nimeona mche wa nyanya umeota. Majani manne. Mbegu haioti penye moto, kila mtu hapa anajua. Nikaung'oa kabla hawajafika upande ule, nikautia mfukoni. Nyumbani nimeupanda kwenye kopo. Umelala ubavu. Sijui kama utashika.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Toroli amejua.

Saa sita nilikuwa nimeitwa ofisini. Niliporudi nikamkuta kando ya Namba Nne, ameichomoa chupa yangu, ananawa. Ananawa polepole, kidole kwa kidole. Hakuinua uso.

Akasema: "Mdogo wangu, umeandika ngapi leo?"

"Hamsini na mbili, dada."

"Hamsini na mbili." Akanimwagia kidogo kiganjani. "Mimi shule niliisikia ikigonga kengele tu. Lakini haya maji ni ya baridi."



"Jumanne nimesomba mapipa. Usiku nimelala kwa upande mmoja kama samaki kwenye sahani. Kumbe namwogesha mtu aliyekwisha kuoga."

Nikamwomba radhi. Akakung'uta mikono, akajifuta kwenye aproni. Nilidhani ataondoka kwa hasira, na haki yake angekuwa nayo. Akakaa juu ya toroli lake. Akasema mumewe alipokufa alikaa miezi minne bila kufua shuka. Mwisho panya wakazaa humo. Akasema hivyo tu, kavu, kama anataja bei ya chumvi.

Halafu akasema: "Mwenzio alipika. Sasa wewe umekaa juu ya kifuniko, watu wana njaa."

Nikamuuliza kama atamwambia msimamizi.

"Daftari ni lako," akasema. "Mimi na toroli."

Jumapili, 16 Machi

Nimekuja na daftari la kazi nyumbani, jambo ambalo haliruhusiwi. Nimelisoma kuanzia mwanzo.

Mwandiko wa mume wangu umeinama upande mmoja kama mtu anayetembea kwenye upepo. *Namba Nne. 61. Harufu nzuri. Limeshika.* Hiyo ni siku mbili kabla hajaanguka. Baada ya hapo kuna mistari mitupu, kisha mwandiko wangu.

Nimefungua pia kurasa za Namba Mbili. Nilikuwa nimesahau. Ni yeye mwenyewe aliyeandika: *Vioo vimeingia, vingi. Haifai.* Hakuna aliyekuwa ameona. Rundo lilikuwa zuri kwa macho, miezi mitatu ya jasho lake. Angenyamaza lingepita. Jioni ile alikuja nyumbani, akavua viatu, akasema wamelipeleka dampo. Nikamuuliza kwa nini aliandika. Akasema, mtoto atashika udongo ule kwa mkono. Akaomba chai.

Kuna mahali alikosea namba. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja, akaandika ya kweli juu yake. Kosa bado linasomeka.

Namba zangu za uongo ni kumi na nane. Nimechukua kalamu. Namba za kweli ninazo zote kichwani, sikusahau hata moja. Nimepiga mistari, mmoja mmoja. Juu ya kila namba nimeandika ya kweli.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechelewa.

Afisa alikwisha kuwaandikia madiwani tangu Ijumaa: hakuna rundo lililo tayari. Amefanya kwa kuamini daftari. Redio amesikia kwa dereva wa tipa kwamba wameambiwa wajiandae kurudi njia ya dampo kuanzia mwezi ujao. Alipotuambia hakutia mzaha wowote. Redio bila mzaha anatisha, ni kama saa iliyosimama.

Nikaenda nyuma ya stoo, nikampigia afisa. Nikamwambia yote. Nilitegemea nitalia, sikulia. Nilisema tu: limeiva tangu Februari, mimi ndiye niliyeandika kwamba bado lina moto.

 Nikasikia watu wa ofisini kwake wakiongea.

"Kwa nini, mama?"

Nikamwambia lilikuwa la mume wangu.

 Kisha akasema daftari langu sasa hawezi kulitumia, hata namba za kweli. Ataomba mkaguzi aje na vifaa vyake. Kama mkaguzi atakubali kuja. Na kama atakuja kabla ya Ijumaa. Kuhusu mimi, akasema, hilo litazungumzwa baadaye.

Hakuniambia ahsante. Nilishukuru kwa hilo.

Jumanne, 18 Machi

Nimewaambia wenzangu, wote, kabla ya kazi. Vijana wa beleshi wakaangalia chini. Msimamizi akasema mengi, na yote kweli. Saa nne Redio akaacha chekeche lake. Akaja, akasimama karibu na meza.

"Shemeji, kwa hiyo nilikuwa nampindua marehemu bure?"

Nikasema ndiyo.

"Angenicheka sana," akasema. Akaenda zake. Baadaye nikamwona anapaka grisi gurudumu la Mama Toroli.

Mkaguzi anakuja kesho.

Jumatano, 19 Machi

Naandika hapa kiwanjani, juu ya meza ya kuchambua. Nikae bila kushika kitu siwezi.

Mkaguzi ni mtu mrefu, mkimya, ana glavu zake mwenyewe. Daftari letu amelifungua, ameona mistari yangu, akaangalia kurasa za nyuma zenye mwandiko ulioinama. Akauliza huyu ni nani. Afisa akasema ndiye aliyelipanga. Mkaguzi akalifunga, akaliweka kando.

Amechoma vipimajoto vitatu, vyake. Amechukua mchanga wa—hapana, si mchanga, mboji—ameitia kwenye mifuko midogo mitatu, akaunusa mmoja. Sasa anaandika. Ameandika ukurasa wa kwanza, amegeuza wa pili. Afisa amesimama nyuma yake na haangalii upande wangu.

Nimekwenda kuchomoa chupa. Leo nimenawa mbele ya watu wote, maji ya baridi, mikono yote miwili. Yaliyobaki nimeyachukua. Nyumbani kuna kopo lenye majani manne, jana yalikuwa yamesimama.

Mkaguzi amesema, bila kuinua kichwa, kwamba anahitaji kuona moyo wa rundo. Lifunguliwe.

Redio amechukua beleshi. Amelizunguka rundo, amerudi. Halafu ameniangalia mimi, si mkaguzi wala msimamizi. Anauliza aanzie wapi.

Nimemwambia upande wa bomba. Ndiko alikoanzia marehemu kulipanga.

Mama Toroli ameshasogeza toroli. Halilii leo. Beleshi la kwanza limeingia kirahisi, kama linaingia kwenye unga, na mvuke hautoki. Mkaguzi bado anaandika; mimi naweka kalamu chini, nikawashikie gunia.